Ukienda Dwarka, lala huko

Wengi wanaokwenda Dwarka, kule Gujarat, magharibi kabisa mwa India, hufika asubuhi, huona hekalu, na mchana wako barabarani. Nakusihi usiende hivyo. Hekalu la Dwarkadhish hufungwa mchana kwa saa kadhaa, na jioni ndipo mji unapochangamka. Lala hata usiku mmoja.

Kwa Wahindu huu ndio mji wa mungu Krishna, na ni mmoja wa Char Dham, vituo vinne vikuu vya hija, pamoja na Badrinath, Puri na Rameswaram. Unaingia kwenye ibada ya watu, kwa hiyo jisitiri mabega na magoti. Kama wewe si Mhindu, uliza utaratibu mlangoni. Simu na kamera haziruhusiwi ndani, nami nalipenda sana hilo: kila mtu anatazama alichokuja kukitazama.

Anzia ukingoni mwa mto Gomti, upande ngazi 56 hadi mlango wa Swarga Dwar. Hapo karibu mto unaingia Bahari ya Arabia, na katika bahari hiyo wapiga mbizi wa akiolojia walikuta nanga za mawe za vyombo vya kale.

Lakini usiondoke kabla ya kuona bendera ya kileleni mwa hekalu ikibadilishwa. Hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, na kila bendera hutolewa na familia iliyongoja zamu yake. Wanaileta kichwani, kwa ngoma na nyimbo, akina mama wakicheza njia nzima. Kisha mtu hupanda mnara mpaka kileleni kuifunga, na umati wote chini unapaza sauti. Hakuna kilichonigusa Dwarka kuliko furaha ya familia hizo. Waulize wenyeji saa zake.

Usishangae muuza duka akikutajia Mombasa au Dar. Wahindi wengi wa kwetu asili yao ni Kutch, Jamnagar na Porbandar, pande hizohizo. Kaa, mzungumze.

Kisiwa cha Bet Dwarka zamani kilifikiwa kwa boti kutoka Okha. Tangu Februari 2024 kuna daraja, Sudarshan Setu. Kodi gari au bajaji yako mwenyewe upitie pia hekalu la Nageshwar, la mungu Shiva, na lile la Rukmini, mke wa Krishna, maana mabasi ya ziara yanakimbiza watu mno. Chakula ni cha mboga, na pombe kwa kawaida ni marufuku Gujarat. Nenda kati ya Novemba na Februari. Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, Agosti au Septemba, inataka uwe umeshika chumba mapema sana.