Ukumbi wa Vitabu: "Binti niliyempenda amenikera"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Tanga. Likizo iliyopita mjomba alinipa riwaya ya Binti ya Nnedi Okorafor, nikaisoma usiku kucha. Nilimpenda sana yule msichana. Ni Mhimba, kabila la huko Namibia, wa miaka 16, bingwa wa hisabati, anatoroka kwao alfajiri kwenda kusoma chuo kikuu cha Oomza kwenye sayari nyingine. Njiani chombo kinavamiwa na viumbe waitwao Meduse, abiria wenzake wanauawa, yeye anaokoka na kupatanisha pande zote mbili. Sasa nimemaliza ya pili, Home, na nimekasirika. Anarudi nyumbani, anagombana na dada yake, ana hasira za ghafla zisizoeleweka, halafu Watu wa Jangwani wakija kumchukua anawaona washenzi. Yeye! Ambaye Wakhoush, watu wenye nguvu wa huko kwao, walimdharau kwa sababu ya otjize, udongo mwekundu aliojipaka! Kisha kitabu kinakatika hatari ikiwa imeshafika kwao. Kwa nini mwandishi amemharibu hivi? Nisome cha tatu au niishie hapa?

Msomaji wenu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na lile neno lako "Yeye!", maana hapo ndipo ulipokigusa kitabu chenyewe.

Kumbuka kitabu cha kwanza, Binti akiwa kwenye foleni ya safari. Mwanamke wa Kikhoush anamvuta msuko bila kuomba ruhusa, anausugua ule udongo mwekundu vidoleni, ananusa. Wenzake wanasema maneno machafu huku Binti anasikia. Mimi nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kidogo. Basi mwandishi angeweza kutuacha hapo, sisi na Binti upande mmoja, wenye dharau upande wa pili. Wengi wangeandika kitabu cha pili kwa namna hiyo: adui mkubwa zaidi, vita kubwa zaidi, shujaa yuleyule.

Okorafor amekataa. Amemrudisha msichana kwao akatuonyesha dharau aliyolelewa nayo. Tangu utoto ameambiwa kwamba Watu wa Jangwani wanapungapunga mikono hewani kwa sababu wana ugonjwa, wote, ukoo mzima. Hakuna Mhimba aliyewahi kuwauliza. Kumbe ile mikono inazungumza. Miilini mwao wana zinariya, teknolojia waliyoachiwa na wageni wa rangi ya dhahabu waliotoka nje ya dunia zamani, na kwa mikono ile wanapelekeana maneno kutoka mbali bila kushika chombo chochote. Wahimba, mafundi wa kutengeneza astrolabu, vifaa vya mawasiliano vya hadithini, wanaosifiwa kila mahali, wameishi jirani na maarifa makubwa kuliko yao wakayaita maradhi. Na aliyekuja kumchukua Binti ni bibi yake mzaa baba. Damu anayoidharau ni yake mwenyewe, na baba yake alijua miaka yote akanyamaza.

Unasema amemharibu. Mimi naona amemkamilisha. Nimefundisha shule ya bweni ya wasichana kwa miaka mingi. Aliwahi kuja kwetu binti wa Kimasai, masikio yametobolewa na kuvutwa kimila, akawa anashusha kitambaa hadi shingoni hata mchana wa joto kali darasani. Waliomcheka zaidi hawakuwa watoto wa Dar. Walikuwa wasichana wa vijijini ambao muhula uliotangulia watoto wa Dar waliwaita washamba hadi wakalia bwenini. Nilikuwa nikitamani kitabu cha kuwapa wale, kinachosema jambo hili bila kuwahubiria. Hiki kingefaa sana. Wewe umekasirika kwa sababu ulikuwa upande wa Binti kwa moyo wako wote, kisha ukamwona akifanya lilelile alilofanyiwa. Hasira hiyo ni usomaji mzuri. Usiitupe.

Hizo hasira za ghafla zina sababu mbili, na zote zimo kitabuni. Alipochomwa na Meduse mwili wake ulichanganywa na wa kwao, misuko yake ikageuka okuoko, minyiri inayocheza akighadhibika. Hiyo ni sayansi ya hadithi. Ya pili ni ya kweli kabisa. Alimwona Heru, kijana aliyeanza kumpenda, akipasuliwa kifua mbele yake ukumbini wakila, damu ikamrukia usoni. Mwaka mmoja baadaye anapanda Third Fish, chombo kilekile, kurudi kwao. Unataka apande akitabasamu? Nimesoma mifuatano mingi ya vijana ambamo watu wanakufa kwa mamia kitabu cha kwanza, na kitabu cha pili hakuna anayewakumbuka. Binti anawakumbuka. Anakosa pumzi, anaota, anakwenda kwa mshauri chuoni na bado haponi upesi. Kwa hilo namheshimu mwandishi huyu mno.

Kuhusu dada yake, hapo tutatofautiana kabisa, mwanangu. Mimi ni kifungua mimba, na namwelewa Vera. Mdogo wako ndiye aliyekuwa arithi karakana ya baba, ndiye aliyetegemewa, anaondoka nyumba nzima imelala, hakuna aliyeagwa. Anarudi na mgeni wa Kimeduse ambaye watu wake wamepigana vita vya miaka na Wakhoush walio jirani zenu, na mnaagizwa mumpokee. Maneno ya Vera mezani ni makali na mengine ni ya uonevu. Lakini msome tena ukiwa umejiweka kwenye kiti chake, siyo cha Binti. Mtu anaweza kuwa na haki ya kuondoka na waliobaki wakawa na haki ya kuumia. Okorafor hakumpa upande wowote ushindi, na mimi nimeshukuru.

Pale kinapokatika, nakuunga mkono. Huko ni kumwonea msomaji. Kitabu cha pili kilitoka Januari 2017, cha tatu, The Night Masquerade, Januari 2018, kwa hiyo waliokinunua mapema walikaa mwaka mzima roho juu. Wewe huna haja. Soma cha tatu, tena anza kabla hujasahau usiku ule Binti anapochungulia dirishani akaona kinyago ambacho kwa mila yao wanaume tu ndio hukiona. Mfuatilie pia Mwinyi, yule kijana wa Watu wa Jangwani. Zaidi ya hapo sisemi. Ukiweza, tafuta toleo la 2019 lililounganisha vyote vitatu, lina na hadithi fupi ya ziada.

SWALI: Kijana wangu ana miaka 12 na ameshaisikia sifa ya Binti. Anaweza kuisoma, au ni ya wakubwa?

Baba msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, cha kwanza ni kifupi, hakifiki kurasa 100, na kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, katika kundi la riwaya fupi. Kiingereza chake si kigumu, ila kina maneno mengi ya kubuni ambayo mtoto atayazoea akivumilia kurasa za mwanzo. Kinachonipa wasiwasi ni mauaji ya ukumbini. Yanakuja ghafla na yameelezwa waziwazi. Yasome wewe kwanza, umjuaye mtoto ni wewe. Ukiona anaweza, kaeni mzisome kurasa hizo pamoja, kisha mwachie kitabu. Cha pili kisubiri kidogo: mtoto wa miaka 12 atayafurahia mambo ya jangwani, lakini ugomvi wa nyumbani utamchosha, na mwisho wake utamfanya aje kukudai cha tatu usiku huohuo.