Leseni ya A2 au A3 kwa anayeanza pikipiki?

Ndugu yangu, umesema una miaka 19, unataka pikipiki ya kutoka Kisauni kwenda kazini mjini Mombasa, na jioni ubebe abiria mmoja mmoja upate ya mafuta. Hapo kwenye abiria ndipo penye mwiba. Leseni ya A1 isahau, hiyo ni ya vipikipiki vidogo visivyozidi CC 50. Yako ni A2, inayoanzia miaka 18. Bodaboda, vifurushi na tuktuk ni A3, na A3 hupewi kabla ya miaka 21. Kwa hivyo abiria wangoje, hata awe jirani anayekupa hamsini tu.

Na miaka hiyo miwili utaihitaji, wallahi. Daraja la Nyali asubuhi, matatu ikikukatia mbele bila ishara, si pahali pa kujifunzia breki na mtu mgongoni. Mimi mwezi wa kwanza niliteleza kwenye mchanga kando ya lami pale Bombolulu. Nilikuwa peke yangu, alhamdulillahi.

Ukitafuta chuo cha udereva, uliza kwanza kama watakutoa barabarani. Kuna vyengine vinakuzungusha uwanjani tu mpaka siku ya mtihani. Helmeti nunua yako mwenyewe.