Kwa nini milima ya Simien imekatika namna ile
Ndugu, umeuliza kama Simien, kule kaskazini mwa Ethiopia, ni volkano kama Kilimanjaro. Asili yake ni lava kweli, ila ni ya kale mno: ilimwagika tabaka juu ya tabaka miaka ipatayo milioni 30 iliyopita. Baadaye mvua na vijito vinavyoshukia mto Tekeze vikaichimba bila kupumzika. Ndiyo maana unatembea juu kwenye nyanda za nyasi, mara unakuta genge linaloporomoka hata mita 1,500. Nyani aina ya gelada hulala kwenye kuta hizo, kukicha wanapanda kula nyasi. Ajabu kabisa! Kilele kikuu, Ras Dejen, kinapita mita 4,500. Nenda Oktoba, mvua ikishakatika na nyasi zingali mbichi.