AFP yangu ni 38: je, ni saratani ya ini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 44 na nina homa ya ini B. AFP yangu imetoka nanogramu 38 kwa mililita, lakini altrasaundi haikuonyesha uvimbe. Je, nimeshapata saratani?

JIBU: Marahaba. Namba hiyo peke yake haithibitishi saratani, ila usiipuuze. AFP ni protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi. Kwa mtu mzima kwa kawaida huwa chini ya 10. Virusi vikichachamaa, seli za ini hufa, na seli changa zinazoziba pengo humwaga AFP kwenye damu. Kwa hiyo pima pia ALT (kimeng'enya kinachopanda damuni seli za ini zikiumia) na wingi wa virusi. ALT ikiwa juu, AFP mara nyingi hushuka tenofovir, dawa ya homa ya ini B, ikishatuliza virusi.

Hata hivyo, umevuka 20, kiwango kinachodai uchunguzi zaidi. Omba CT ya ini yenye dawa ya mshipani, ipigwe kwa awamu, au MRI. Usingoje miezi 6. Ukirudia AFP, rudia maabara ileile na uangalie kipimio: maabara nyingine hutumia IU (yuniti za kimataifa), na IU 1 ni kama nanogramu 1.2, na wengi huhangaika bure kwa kulinganisha namba zisizolingana.

Ukipimwa PIVKA-II, kipimo kingine cha damu cha saratani ya ini, taja kama unatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), maana huipandisha bila saratani.

AFP ikirudi chini, altrasaundi iendelee kila miezi 6. Vivimbe vingi vidogo vya saratani havitoi AFP kabisa, na homa ya ini B huleta saratani hata kwenye ini lisilo na makovu.