Mtalaka wangu ananifuata kwetu usiku: eda inampa haki hiyo?

*Swali: Naishi Wete. Mume wangu ameniacha talaka moja, nimerudi kwa wazee wangu. Huja usiku akagonga dirisha, na mara ya mwisho alinikaba koo. Anasema nimo edani, bado mimi mkewe. Wazee wanaona muhali kumpeleka polisi. Nifanyeje?*

Pole sana dada yangu. Nianze na hilo koo, maana ndilo linalonitisha. Mwanamme kumkaba mkewe ni miongoni mwa dalili nzito kwamba siku moja anaweza kumuua, na baada ya kuachana hatari mara nyingi huzidi. Kukabwa kunaweza kusiache alama yoyote nje. Kama sauti imekwama, unameza kwa tabu au ulipoteza fahamu hata kidogo, nenda hospitali leo. Mwambie daktari "nilikabwa", aandike hivyohivyo. Usiseme uliteleza.

Eda sasa. Kweli, talaka moja ni ya rejea, na kabla eda haijesha anaweza kukurejea. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, rejea ni tamko, si kugonga dirisha usiku. Na aya ya 231 ya Suratul Baqara inamkataza mume kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru. Edani yeye ndiye anayedaiwa: makaazi na matumizi yako. Asipotoa, mshitaki kwa Kadhi.

Kipigo ni jambo jengine. Hicho ni jinai, na kingekuwa jinai hata kama asingekuacha. Kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Chake Chake, kinakukutanisha na daktari, polisi na mshauri pahala pamoja. Ukianzia polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali. Nguo ulizovaa usiku ule usizifue. Meseji zake usizifute. Mrushie na ndugu unayemuamini. Kama talaka ilikuwa ya mdomo, andika tarehe na waliosikia, maana eda inahesabiwa tangu hapo.

Wazee nawaelewa, muhali kwetu ni mzito. Wao na sheha wakae wasuluhishe vyombo vya ndani, lakini koo halina sulhu. Waombe jambo moja: usilale peke yako chumba chenye dirisha la njiani.

Kituoni ukiambiwa "kayamalizeni nyumbani", muombe mkuu wa kituo, au nenda Kituo cha Huduma za Sheria, ofisi ya Chake Chake. Msaada wao ni bure.