Redio niliyoisikia kwenye chumba kitupu

Nyumba niliyopanga Nkuhungu, hapa Dodoma, ina vyumba sita na LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Tunachanga, uniti zikiisha tunachanga tena. Mwezi Juni zikaanza kuisha kabla ya wiki. Mama mwenye nyumba akatuita uani, akauliza nani anamaliza umeme. Sikusita, nikamtaja kijana wa bodaboda wa chumba cha mwisho. Nikasema redio yake inalia usiku kucha, juzi tu nimeisikia hadi alfajiri.

Kijana akajibu taratibu, macho chini: "Dada, tangu Jumamosi nilikuwa Mpwapwa, tumemzika bibi. Nimerudi leo asubuhi."

Sikukusudia kudanganya. Redio ile niliikumbuka kabisa, na mpaka leo nikifumba macho naisikia.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza, Frederic Bartlett, alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie upya. Mitumbwi ikageuka boti, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Wasivyovizoea vilidondoka, mapengo wakayaziba kwa vya kwao bila kujua. Mimi nilikuwa na kapu la "boda" kichwani: kelele, usiku, hasara. Pengo langu nililijaza humo.

Kapu la pili lilinifumba macho zaidi. Jirani yangu ni mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Dar, mpole, salamu zake nzuri. Kumshuku hata hakukunijia. Kumbe baridi yetu ya Juni ilimshinda, akanunua hita ya maji ya kuoga. Hita ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa inakula uniti nzima, wakati redio ya wati 20 ingelia saa 50 ndipo ifikie hapo. Naye, maskini, hakujua.

Kinachoniuma ni kwamba mimi Mgogo, mwenyeji wa hapa Dodoma. Nilipokuwa nasoma Dar, nikitaja Dodoma tu naulizwa kama nyumbani tunaishi kwa kuomba. Uchungu huo naujua.

Sikushauri uishi bila makapu. Hakuna awezaye, kichwa kingechoka kabla hujavuka soko la Majengo. Ila ukiitwa kusema juu ya mtu, iwe kwa mwenye nyumba, kwa mjumbe au kazini, jiulize kwanza: siku gani? Nilikuwa nimesimama wapi? Ulichokiona kina siku na mahali. Kilichotoka kapuni husema "kila siku", "usiku kucha", "huyu si anajulikana". Mama angeniuliza "juzi ipi?", ningekwama palepale. Halafu swali unalomuuliza unayemshuku, muulize na unayemheshimu.

Nilimwomba radhi kijana uani, mbele ya walewale walionisikia. Sasa tunasoma uniti saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, tunaandika kwenye kalenda iliyo ukutani karibu na mita. Za asubuhi anaandika yeye, kabla hajawasha pikipiki.