Hita inadondosha: usizibe tundu lile

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Chumbageni, maji yetu ni ya kisima. Hita ya lita 80 inanguruma ikiwashwa, maji yanachelewa kupata moto, na valvu ya chini ilikuwa inadondosha. Kijana niliyemwita ameiziba kwa plagi ya bomba, sasa ni kavu. Kusi linavuma na wageni wanataka maji ya moto alfajiri. Ninunue mpya?
Mama Wawili, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kabla hujaendelea kusoma, kazime swichi ya hita hiyo. Fungulia bomba la moto mpaka yatoke ya baridi, ndipo plagi ile itolewe, isirudi tena.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 80 zikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka lita moja na ushei, na valvu ile hairuhusu maji kurudi kwenye bomba la baridi. Ongezeko hilo ndilo lililokuwa linadondoka. Ukiliziba, tangi linabanwa kila hita inapowaka. Siku thamostati ikigoma kukata umeme, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, na tangi likipasuka sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta wa chumba hauwezi kuhimili hilo, na nyuma ya ukuta analala mgeni wako. Valvu inayodondosha hata hita ikiwa imezimwa ina uchafu ndani au imechoka: ibadilishwe.

Mngurumo ni jambo jingine. Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa. Tazama ndani ya birika lako utaona magamba meupe. Ndiyo hayo hayo yaliyoshika koili, chuma cha umeme kinachopasha maji. Maji yanayonasa chini ya magamba huchemka kwa vishindo, ndiyo sauti unayosikia. Niliwahi kutoa koili Ngamiani imenenepa kama gunzi la muhindi, chuma chenyewe hakionekani.

Fundi azime umeme kwenye meni swichi, amwage maji, afungue kifuniko na kuloweka koili kwenye siki mpaka magamba yalainike. Asiyakwangue kwa kisu. Hapo hapo aangalie fimbo ya magineziamu, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, aweke nyingine, pamoja na mpira mpya wa kifuniko. Kisha tangi lijazwe kwanza, maji yatoke bombani bila kukatika, ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwaka kwenye tangi tupu huungua.

Thamostati iwe nyuzi 60, vijidudu visizaliane ndani. Lakini maji hayo huunguza ngozi kwa sekunde chache, basi waambie wenye watoto wafungulie ya baridi kwanza. Koili ya wati 1,500 huhitaji saa mbili na robo hivi kufika hapo, kwa hiyo washa saa nane usiku. Hita mpya nunua tu kama tangi lenyewe linavuja.

SWALI: Shikamoo fundi. Binti yangu anasoma Leeds, Uingereza. Baridi iliyopita redieta ya chumbani kwake, chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto kupasha chumba, ilikuwa na moto chini, juu baridi. Afanye nini kabla ya Oktoba?
Baba Zuhura, Pongwe

JIBU: Marahaba. Hewa imejikusanya juu. Mtambo ukiwa umezimwa na kupoa, afungue kidogo skrubu ya pembeni juu ya redieta kwa ufunguo wake, akinge kitambaa, na afunge mara maji yakianza kutoka. Kisha asome geji ya shinikizo kwenye boila, mtambo unaopasha maji hayo: mtambo ukiwa umepoa, iwe kati ya bari 1 na 1.5.

Kifuniko cha boila ya gesi asikiguse. Kwa sheria ya huko ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, kwani boila mbovu hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Kama amepanga, mwenye nyumba anawajibika kukagulisha vifaa vyake vya gesi kila miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya cheti. Mwambie aidai sasa, na kama chumba chenye boila hakina king'ora cha sumu hiyo, adai nacho pia.